Video ya harusi tulipiga wenyewe: nilichojutia na nisichojutia

Kaseti ya harusi yangu ipo kabatini, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya vitenge. Ni VHS ya dakika 180, na ubavuni mpiga video aliandika kwa kalamu nyekundu majina yetu na mwezi: Agosti 1996. Tumehama nyumba nne na kila mara niliibeba mwenyewe mkononi, kama watu wanavyobeba hati ya kiwanja. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa sijaitazama. Deki yetu ilikufa, na hatukununua nyingine.

Mwaka 2023 kijana wetu wa kwanza alipotuambia anataka kuoa, nikaitoa. Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi anayehamishia kaseti za zamani kwenye flashi. Akainua kile kifuniko cha mbele na kunionyesha mkanda. Ulikuwa na madoa meupe kama umenyunyiziwa unga.

"Mama, huu ni ukungu," akasema. "Nitajaribu, lakini usinidai yote."

Baada ya wiki moja akanipa dakika 41.

Nilizitazama usiku, wengine wakiwa wamelala. Nikaona foleni ya zawadi. Nikaona keki ikikatwa, mgeni rasmi akihutubia, na foleni ya zawadi tena. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu, mama yangu. Alifariki mwaka 2009, na siku ile ya harusi yangu alikuwa nyuma ya nyumba na wenzake wakipika pilau, kwa sababu wakati huo kwetu Morogoro harusi ilipikwa nyumbani na kinamama, si na kampuni.

Nikamwona. Anapita nyuma ya turubai amebeba sinia, mgongo umeelekea kamera. Niliporudisha nyuma na kuhesabu, zilikuwa sekunde sita. Halafu kamera inageuka kwenda meza kuu, na mama harudi tena. Picha zake ninazo. Sauti yake sina popote.

Simlaumu mpiga video yule. Mwaka 1996 vituo vya televisheni huku Bara vilikuwa na miaka miwili tu tangu vianze, na kamera ya video ikiingia kwenye harusi watu walijinyoosha kola. Yeye alipiga alicholipwa apige: maharusi, meza kuu, mgeni rasmi, zawadi. Hakuna aliyemwambia kwamba yule mwanamke mwenye kanga kule jikoni ndiye mama wa bibi harusi. Na mama mwenyewe angeiona kamera inamjia angekimbia.

Kaseti ile ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu kamati ya harusi ya kijana wetu ilipoanza kukutana.

Wazazi mliopita huko mnajua kamati zilivyo. Kadi za mchango zinagawiwa kwa furaha, ahadi zinaandikwa kwenye daftari, halafu mweka hazina anaanza kupiga simu ambazo hazipokelewi. Wiki sita kabla ya harusi tulikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya tulichopanga. Mwenyekiti akaanza kusoma orodha ya vitu vya kupunguza. Alipofika kwenye picha na video, shilingi milioni 2 na laki mbili, nikanyoosha mkono.

"Picha tumlipe mtu mmoja. Video tupige wenyewe."

Mdogo wa mume wangu akacheka. "Shemeji, watu watasema tumeishiwa."

"Kwani hatujaishiwa?"

Watu wakacheka, na hoja ikapita. Sababu ya fedha niliisema. Ya kaseti sikuisema.

Kijana wetu alikubali mara moja. Mchumba wake, ambaye sasa ni mkwe wangu, alikaa kimya akinitazama kwa adabu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, hakuna kitakachopotea." Leo najua kwamba kimya cha binti mgeni mbele ya wakwe si lazima kiwe na maana ya ndiyo. Nilipaswa kumwuliza tukiwa wawili tu.

Kujipanga tulijipanga. Tulikuwa watu watano: mtoto wa dada yangu, ambaye yuko chuo na hutengeneza video fupi kwa simu, binti yangu wa mwisho, miaka 17, jirani yetu mwalimu, kaka wa bibi harusi, maana nilitaka upande wao nao uwe na jicho lake, na mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka 11, tuliyempa simu ya zamani na kazi ya kuwapiga watoto wenzake.

Tuliketi na karatasi. Mtoto wa dada akaanza kuandika: kanisani, ukumbini, keki, zawadi. Nikamwambia ageuze karatasi. Upande wa pili tukaandika watu. Bibi wa bwana harusi anayeshuka kutoka mlimani. Mjomba. Shangazi aliyemlea miaka miwili. Wapishi. Dereva. Baba na mama wa bibi harusi. Mbele ya kila jina tukaandika nani atampiga na lini. Kila mzee alipaswa kurekodiwa akiongea si chini ya dakika moja, neno lolote.

Tulijifunza pia mambo ya simu. Video ya kawaida ya Full HD kwenye simu nyingi hula kati ya megabaiti 100 na 150 kwa dakika, maana yake saa moja ni kama gigabaiti 8. Ukichagua 4K, inakula mara mbili au mara tatu ya hapo. Kwa hiyo tulisafisha simu zote, tukaacha Full HD, tukaazima pawabenki tatu na kistendi kimoja. Tukakubaliana kushika simu kwa ulalo, si kwa wima, na kutotembea huku unapiga. Mtoto wa dada akaenda kwa padri kuomba ruhusa. Padri akakubali watu wawili, kila mmoja asimame mahali pamoja, na asiwepo wa kupanda altareni.

Tulisahau kitu kimoja.

Siku ya harusi, kanisani, mtoto wa dada alisimama mbele kulia. Binti yangu alipaswa kuwa mbele kushoto. Lakini kabla ya maharusi kuitwa mbele, nikapata ujumbe kwamba gari lililombeba bibi kutoka mlimani limefika na hawezi kupanda ngazi, vijana wanambeba. Nikamgeukia binti yangu nikamnong'oneza, "Nenda mlangoni, mpige bibi yako." Akaenda.

Kijana wetu akasema kiapo chake. Kimerekodiwa vizuri, hata midomo inavyotetemeka inaonekana. Kisha padri akamgeukia bibi harusi. Na dakika hiyo hiyo simu ya mtoto wa dada ikaita. Alikuwa ameizima sauti, lakini hakuwa amezuia kupigiwa. Aliyepiga ni shemeji yangu yule yule aliyenicheka, amefika Msamvu na basi dogo la wageni kutoka Dar es Salaam, anauliza njia ya kanisani. Simu ilipoita, kurekodi kukakatika. Kijana alikuwa anatazama maharusi, hakutazama kioo. Alikuja kugundua pete zikiwa zinavalishwa.

Kiapo cha mkwe wangu hakipo.

Hatukumwambia siku ile. Aliuliza mwenyewe siku ya tatu, na mume wake hakuweza kumdanganya. Alilia. Jioni mama yake akanipigia simu.

"Mama bwana harusi, hivi mtoto wetu aliapa au hakuapa?"

"Aliapa, mama."

"Basi tuonyesheni. Tumewapa mtoto mzima, nyie mmeshindwa kumtunzia dakika moja."

Sikuwa na jibu. Angekuwepo mpiga video wa kulipwa, angekuwa na kamera mbili na kinasa sauti kimeunganishwa na spika, na kiapo kile kingekuwepo. Hapo ndipo watu hawa wanapostahili fedha yao, na mimi nilikuwa nimewachukulia kama watu wa kuwasha taa na kuzunguka ukumbini.

Padri alipopata habari alijaribu kutupoza. Alitukumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na kanisa zima lilishuhudia, na cheti kipo. Ni kweli. Lakini binti hakuwa analilia cheti.

Tukaanza kutafuta. Tuliandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati na la ukoo, yeyote aliyerekodi kanisani atume. Zikaja video za pete, za kutoka kanisani, za watu wakijipiga wenyewe. Siku ya tano mgeni mmoja aliyekaa benchi za nyuma akatuma sekunde 14. Nusu ya picha ni kisogo cha mwanamume aliyekaa mbele yake. Sauti inatoka spikani, ina mwangwi, na inaanzia katikati ya sentensi. Lakini ni yeye, mkwe wangu, na anasikika mpaka mwisho.

Ndizo tulizonazo.

Mtoto wa dada alikusanya kila kitu. Zilikuwa karibu saa tisa. Alikaa nazo miezi miwili, nadhani pia kwa sababu alikuwa anaona aibu, akatuletea video ya dakika 52. Tukawaalika wakwe zetu nyumbani, nikapika, tukaketi sebuleni. Mama yake mkwe wangu alikaa amekunja mikono.

Video haianzii kanisani. Inaanza saa kumi usiku, uani kwetu. Chakula cha ukumbini kilikuwa cha mpishi wa kulipwa, lakini nyumbani tulikuwa na wageni zaidi ya 40 waliolala hadi kwenye mikeka, na lazima wanywe chai. Dada zangu wanasukuma chapati. Mtu anauliza chumvi iko wapi, wanajibu watu watatu kwa mara moja. Halafu natokea mimi, kichwa wazi, kanga moja kifuani, nafoka kuhusu vitunguu.

Nilikuwa nimeshaiona sehemu hiyo kabla, na nilimwambia binti yangu aifute. Alinijibu taratibu, "Mama, na bibi angesema hivyo hivyo." Ndiye pekee niliyekuwa nimemwonyesha zile sekunde sita. Sikuongea tena.

Kisha anaonekana mjomba. Kwetu Waluguru mjomba ana neno lake, na usiku ule wa kuamkia harusi alimwita kijana wetu, wakakaa kwenye mkeka, akamwusia. Ni dakika nne, taa ni hafifu, mbwa anabweka. Hakuna kampuni ya video inayokuja usiku wa kuamkia harusi kumpiga mzee kwenye mkeka. Kisha bibi anabebwa kwenye ngazi za kanisa, anawakemea vijana wasimwangushe. Ndiyo video aliyoitwa binti yangu kwenda kuipiga. Bibi yupo hai, ila sasa haongei tena kwa wepesi ule.

Halafu ikaja sehemu ambayo hakuna mtu mzima aliyejua kwamba ipo. Mtoto yule wa miaka 11 alikuwa amewafuata wenzake nyuma ya ukumbi, kwenye simtanki. Hapo amesimama baba wa bibi harusi, peke yake, kwa suti, karatasi mkononi. Anajizoeza hotuba yake. Analiambia simtanki, "Ndugu wageni waalikwa." Anaendelea vizuri mpaka anapofika kwenye jina la utotoni la binti yake, anakwama. Anaanza upya. Anakwama hapo hapo. Mara ya tatu anakunja karatasi, anaiweka mfukoni, anafuta uso kwa kiganja na kurudi ndani. Ukumbini siku ile alisema maneno machache ya kushukuru na kuketi, na baadhi yetu tulidhani hajafurahi.

Sebuleni hakuna aliyesema kitu. Mzee akainuka akatoka nje. Nilidhani tumemkosea, na kweli tulikuwa tumemkosea, maana tulipaswa kumwuliza kwanza. Nilimfuata nikamwomba radhi, nikamwambia tutaiondoa.

"Iacheni," akasema. "Ila msiitume kwenye makundi."

Hatujaituma. Video ile ipo nyumba mbili tu, kwetu na kwao.

Tuliporudi ndani tukamkuta mkwe wangu ameirudisha nyuma, anaitazama kwa mara ya pili, mama yake amemshika bega. Usiku ule hakuna aliyeomba kurudishiwa keki.

Wazazi wenzangu, siandiki haya ili muwanyime kazi wapiga video. Ningepata nafasi ya kurudia, ningefanya hivi: ningemlipa mtaalamu mmoja kwa saa mbili za kanisani tu, kwa sababu kiapo hakirudiwi, na sauti yake inahitaji kifaa na mtu anayejua. Mengine yote ningewaachia watoto wa nyumbani, kwa sababu mtaalamu hajui kwamba yule bibi pale ndiye aliyemlea bwana harusi, na hatajua hata umlipe mara mbili.

Na kama uwezo wa mtaalamu haupo kabisa, basi haya tuliyoyalipia kwa machozi yachukueni bure. Kila anayerekodi abonyeze ile alama ya ndege kwenye simu yake ili asipigiwe. Saa ya kiapo kuwe na simu mbili, na mtu yeyote, hata mama wa bwana harusi, asiwe na ruhusa ya kuziondoa. Simu ya tatu iwekwe karibu na spika, irekodi sauti tu. Anayerekodi atazame kioo mara kwa mara aone kama namba za dakika zinatembea. Usiku ule ule, kabla ya kulala, hamishieni video zote kwenye kompyuta kwa waya. Mkituma kama video za kawaida kwenye WhatsApp zinapunguzwa ubora. Kama ni lazima, zitumeni kama hati. Wekeni nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Na mtu aliyerekodiwa katika hali yake ya faragha aulizwe kwanza.

Jingine nimefundishwa na kaseti yangu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Flashi nazo siku yake itafika. Kila baada ya miaka michache itazameni video yenu, muihamishie kwenye kifaa cha wakati huo. Ningeitazama yangu kila mwaka, ukungu usingeniachia dakika 41.

Na kabla ya yote, mwulizeni bibi harusi. Mwulizeni akiwa peke yake, si mbele ya kamati.

Mkwe wangu alinisamehe, ila hakusahau, na sikumwomba asahau. Mwaka huu wamebatiza mtoto wao wa kwanza. Asubuhi ile kanisani alinijia, mtoto begani, akanikabidhi simu yake.

"Mama, leo usimtume mtu nje."

Nikabonyeza alama ya ndege mbele yake, aone. Nikasimama mahali pamoja.